Malalamiko ya wafanyakazi: anayepokea, anayechunguza na anayeamua wasiwe mtu mmoja

Lalamiko likifika mezani, mameneja wengi huuliza kwanza, "Nani kasema?" Swali hilo likishatoka mdomoni, mambo yameanza kwenda kombo. Aliyelalamika anageuka mtu wa kuchunguzwa, na jambo lenyewe linabaki pale pale. Wenzake wakiona hivyo hawatalalamika tena ndani. Watakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, watakwenda kwa afisa kazi, au watafanya kazi kwa mgomo baridi ambao hauonekani kwenye ripoti yoyote.

Haya ni ya mwajiri, meneja wa tawi, msimamizi wa zamu, na yeyote aliyekabidhiwa mambo ya rasilimali watu bila kuyasomea. Tunazungumzia sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 na Kanuni za Utendaji Bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007. Zanzibar ina Sheria yake ya Ajira ya 2005, na watumishi wa umma wana njia yao inayopitia mamlaka zao za nidhamu na Tume ya Utumishi wa Umma. Hao wasichukue hatua kwa kufuata yaliyoandikwa hapa.

Viti vitatu, na cha nne cha rufaa

Kila lalamiko lina kazi tatu: kulipokea, kulichunguza na kuliamua. Kazi hizo zikifanywa na mtu mmoja, hata akiwa mwadilifu kiasi gani, hakuna atakayeamini matokeo. Mtu aliyesikia upande mmoja siku ya kwanza, akaenda kutafuta ushahidi siku ya pili, siku ya tatu hawezi tena kusikiliza kwa masikio mapya. Ameshajua anachotaka kusikia.

Penye wafanyakazi 200 kuzitenganisha si tabu. Penye wafanyakazi 12 ndipo watu husema haiwezekani, nao hawasemi kweli. Mhasibu au katibu muhtasi anaweza kupokea. Msimamizi wa idara nyingine, au meneja wa tawi jingine, anaweza kuchunguza. Meneja mkuu akaongoza kikao. Mwenye kampuni abaki nje kabisa mpaka ikija rufaa. Kosa la kawaida kwenye biashara ndogo ni hili: mkurugenzi ndiye anayesaini barua ya kumsimamisha mtu, anakaa kiti cha mwenyekiti kwenye kikao, anasaini barua ya kumwachisha, halafu barua hiyohiyo inamwambia mfanyakazi kwamba asiporidhika akate rufaa kwa mkurugenzi. Kama watu hawatoshi, tafuta mtu wa nje aongoze kikao siku moja: wakili, mtu wa rasilimali watu (HR) wa kampuni jirani, au mstaafu wa utumishi. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kesi ya miaka miwili.

Na kama anayelalamikiwa ni bosi mwenyewe? Utaratibu wako lazima uwe na mlango wa pili ulioandikwa wazi, kwa mfano mjumbe mmoja wa bodi au mkurugenzi mwenza, pamoja na namba yake ya simu. Utaratibu unaosema "peleka malalamiko kwa msimamizi wako wa moja kwa moja" na kuishia hapo haumsaidii mtu ambaye tatizo lake ni huyo msimamizi.

Siku mbili za kwanza

Anayepokea haamui kitu. Hasemi "hilo ni dogo" wala "huyo tunamjua." Anaandika. Aandike kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe, si kwa lugha ya ofisi. Mtu akisema "alinitukana mbele ya wateja, akaniita mwizi," usiandike "mfanyakazi anadai kutotendewa vyema." Maneno yaliyolainishwa hivyo huleta shida baadaye, kwa sababu akija kusema neno "mwizi" kwenye kikao ataambiwa ameongeza chumvi.

Maswali ya kumuuliza ni machache: nini kilitokea, lini, wapi, nani alikuwepo, umeshamwambia nani, na unataka nini kifanyike. Hilo la mwisho husahauliwa sana, na ndilo linalookoa muda. Watu wengi hawataki mtu afukuzwe. Wanataka kuhamishwa zamu, kuombwa radhi, kulipwa tofauti ya pesa, au waambiwe tu kwa nini jina lao halimo kwenye orodha ya likizo. Ukilijua hilo mapema, nusu ya malalamiko hayahitaji kamati.

Ukimaliza kuandika, msomee, arekebishe, asaini, mpe nakala. Kama hajui kusoma vizuri, amchague mwenzake wa kumsomea. Ndani ya siku mbili za kazi apate jibu la maandishi la mistari mitatu: tumepokea, fulani ndiye anayechunguza, tutakupa majibu ifikapo tarehe fulani. Hata ujumbe wa simu unatosha, ilimradi utunzwe.

Kuna jambo dogo linaloharibu ushahidi kuliko watu wanavyodhani: saa. Mlinzi anasema tukio lilikuwa "saa 2 usiku." Kamera inaonyesha 20:10. Msimamizi aliyezoea saa za kompyuta anaandika kwenye fomu "8:10." Mwingine anainakili "saa 8" bila kusema ya mchana au ya usiku. Likifika kwenye kikao, mashahidi wanne wana saa tatu tofauti, na mtetezi wa mtuhumiwa anauliza kwa haki kabisa: huyu mteja wangu alikuwa wapi saa ngapi? Chagueni mtindo mmoja wa kuandika saa, uandikwe juu ya fomu, na kila mara muongeze asubuhi, mchana, jioni au usiku. Mkague pia kama saa ya kamera yenyewe iko sawa. Nyingi haziko sawa.

Siku hiyohiyo ya kwanza kusanya vinavyopotea. Mashine nyingi za kamera hufuta picha za zamani zenyewe baada ya siku au wiki chache, kulingana na ukubwa wa diski, hivyo nakili kipande kinachohusika kabla hujamwita mtu yeyote. Ujumbe wa WhatsApp upigwe picha ukiwa na namba na tarehe vinavyoonekana, na simu yenyewe aitunze mwenyewe. Daftari la getini, rejista ya mahudhurio, hati za kutolea mizigo stoo, ripoti ya kufunga droo: chukua nakala, andika nani kaichukua na saa ngapi.

Usimwahidi mlalamikaji siri kamili, kwa kuwa hutaweza kuitimiza. Anayetuhumiwa ana haki ya kujua anatuhumiwa nini, na mara nyingi tuhuma yenyewe itamwonyesha imetoka kwa nani. Mwambie ukweli: watajua wale tu wanaohitaji kujua ili jambo liende, na yeyote atakayekusumbua kwa sababu ya hili naye atachukuliwa hatua.

Malalamiko ya pesa hayahitaji kikao, yanahitaji kikokotoo

Ukiyapanga malalamiko ya mwaka mzima, fungu kubwa ni la malipo: ovataimu, makato, likizo, michango ya NSSF isiyoonekana kwenye taarifa ya mwanachama. Haya yana jibu moja sahihi, nalo liko kwenye sheria na kwenye rekodi. Kuyaitia kamati ni kuyapandisha cheo bure.

Chukua ovataimu. Kiwango cha kawaida cha sheria ni saa 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zinazozidi hapo ni ovataimu, kwa makubaliano, na haziruhusiwi kupita 50 katika mzunguko wa wiki nne. Malipo yake ni mara moja na nusu ya mshahara wa msingi wa saa. Kazi ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa, na saa ya sikukuu hulipwa mara mbili.

Ugomvi huanzia kwenye kupata mshahara wa saa moja. Sheria inataka mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 mara saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45 hiyo ni karibu 195. Mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 anapata 2,000 kwa saa, na ovataimu yake ni 3,000. Lakini wahasibu wengi hugawanya kwa 30 kisha kwa 8, yaani kwa 240. Hapo saa moja inakuwa 1,625 na ovataimu 2,437.50. Tofauti ya shilingi 562.50 haionekani kitu, ila kwa mtu aliyefanya saa 40 za ziada mwezi huo ni 22,500, na kwa watumishi 30 wa kiwanda ni 675,000 kila mwezi. Wafanyakazi hawana hiyo kanuni kichwani. Wanachojua ni kwamba pesa haitoshi, nao wako sahihi.

Kwa hiyo lalamiko la namna hii lifungwe hivi: kaa naye na slipu ya mshahara na rejista ya mahudhurio, fanya hesabu mbele yake kwenye karatasi, mkubaliane saa ngapi zilifanyika, msaini wote. Mkikuta kosa, lipa tofauti kwenye mshahara unaofuata, kisha rudi nyuma ukague na wenzake kabla hawajaja mmoja mmoja. Mkikuta hakuna kosa, karatasi hiyo ndiyo majibu yako. Jihadhari na saa ya mapumziko. Wengine huihesabu kama kazi, wengine hawaihesabu, na mkataba haukusema. Kumbuka pia kwamba masharti haya ya saa hayawahusu wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Kumpa mtu cheo cha "supavaiza" huku akibeba katoni kama wengine hakumwingizi kwenye kundi hilo.

Makato ya upungufu ni kisa kingine. Droo ya keshia imepungua shilingi 180,000, na mwenye duka anaikata yote mwisho wa mwezi. Sheria inaruhusu kukata kwa hasara, lakini kwa masharti: hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, kiasi kisizidi hasara halisi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake wa fedha. Kwa mshahara wa 400,000 huwezi kukata zaidi ya 100,000 kwa mwezi, hivyo 180,000 inahitaji miezi miwili. Na kama makeshia watatu wanatumia droo moja kwa neno la siri moja, kosa la nani utalithibitisha vipi? Kuwagawia watatu hasara sawasawa, kama inavyofanyika maduka mengi, ni kumwadhibu mtu kwa kuwa alikuwa karibu. Dawa yake ni kila keshia kuwa na droo yake, ahesabu mbele ya mwenzake anapopokea na anapokabidhi, wote wasaini.

Wawili wasiosemeshana

Migogoro kati ya wafanyakazi wenyewe, kama dharau, kazi kusukumiana, maneno ya pembeni, au deni la binafsi lililoingia kazini, huamuliwa vizuri zaidi bila mshindi. Kaa na kila mmoja peke yake kwanza, dakika 20 au 30, bila kumwambia mwenzake kasema nini. Kisha waite pamoja mkiwa na mtu mmoja wanayemheshimu wote, si lazima awe kiongozi. Kila mmoja aeleze bila kukatizwa. Mkifikia mwafaka uandikwe kwa sentensi tatu au nne za vitendo: nani atakabidhi nini saa ngapi, nani hatatuma nini kwenye kundi la WhatsApp la kazi. "Tutaheshimiana" hailindi kitu, maana wiki ijayo kila mmoja ataitafsiri anavyotaka. Weka tarehe ya kuangalia tena baada ya wiki mbili.

Utamaduni wetu wa kuyamaliza kindugu una nguvu hapa, na una hatari zake. Mwenye cheo na asiye na cheo wakiitwa kuyamaliza, anayesema "basi yaishe" karibu kila mara ni yule wa chini. Kama jambo ni kupigwa, kutishiwa, ubaguzi wa kabila, dini au ulemavu, au unyanyasaji wa kijinsia, usilete suluhu. Hata mlalamikaji akisema amesamehe, kampuni ina wajibu wake. Sheria inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi na inamtaka mwajiri achukue hatua za kuuzuia.

Kwa unyanyasaji wa kijinsia, mpe mlalamikaji nafasi ya kuchagua mtu wa jinsia yake wa kumsikiliza, na usimhamishe yeye kituo au zamu asipoomba. Ukimhamisha, umeshamwadhibu. Usitupe lalamiko kwa kuwa hakuna aliyeshuhudia. Mambo haya hayafanywi hadharani, ndiyo maana unatafuta ya pembeni: alimweleza nani siku ile, ratiba inaonyesha waliachwa wawili, ujumbe wa simu, na kama kuna wengine waliowahi kusema jambo linalofanana. Kama aliyelalamikiwa alidai ngono ili atoe ajira, mkataba au cheo, hiyo ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU inahusika. Kikao chenu cha nidhamu kinaendelea na kazi yake, ila msijifanye polisi.

Tuhuma nzito: barua, saa 48, kikao

Wizi, udanganyifu mkubwa, kupiga, kuhatarisha usalama kwa makusudi, uzembe mkubwa, ukaidi mkubwa: hapa kazi ya mtu iko hatarini, na kila hatua utaulizwa. Kanuni zinasema kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi isipokuwa liwe zito kiasi cha kufanya uhusiano wa kazi usivumilike. Kuchelewa, lugha isiyofaa, kuvaa vibaya, hayo ni ya maonyo, na maonyo yana mpangilio wake.

Anza na uchunguzi, si na barua ya kumtaka ajieleze. Wengi hugeuza: wanamwandikia mtu ajieleze ndani ya saa 24, anaandika kwa hofu, halafu maelezo yake ndiyo yanayofanywa uchunguzi. Mchunguzi aongee na mashahidi mmoja mmoja, aandike kauli zao, akague rekodi, atoe taarifa ya ukurasa mmoja au miwili inayosema kama kuna jambo la kujibu au hakuna. Hasemi "ana hatia." Kumbe mara nyingine taarifa husema hakuna kitu, na faili linafungwa hapo.

Kama kuwepo kwake kazini kunaweza kuharibu ushahidi, unaweza kumsimamisha wakati uchunguzi unaendelea, lakini kwa mshahara kamili. Kumsimamisha bila mshahara, au kwa nusu, ni kumwadhibu kabla ya kumsikiliza. Weka muda. Wiki mbili zinatosha kwa kesi nyingi. Tumeona watu waliosimamishwa miezi mitano huku mwajiri akilalamika kwamba anamlipa mtu anayekaa nyumbani.

Barua ya tuhuma iandikwe kwa lugha anayoielewa. Kampuni kibao za Dar es Salaam humwandikia dereva au mpishi barua ya Kiingereza cha kisheria, kisha kikao kinaendeshwa kwa Kiswahili. Na iwe mahususi. "Umekuwa na mwenendo mbaya na kuisababishia kampuni hasara" haijibiki. Inayojibika ni hii: "Inadaiwa kwamba tarehe 14 Machi, saa 2:10 usiku, ulitoa katoni 6 za mafuta ya kula kutoka stoo namba 2 bila hati ya kutolea mizigo, kinyume na kifungu cha 8 cha kanuni za stoo ulizosaini." Barua itaje pia siku, saa na mahali pa kikao, kwamba anaruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake, kwamba anaweza kuleta mashahidi, na iambatane na nakala za ushahidi utakaotumika.

Muda wa kujiandaa usipungue saa 48, na kesi yenye hesabu nyingi inahitaji zaidi. Hapa kuna ujanja wa kizamani: barua inatolewa Ijumaa saa 10 jioni, kikao Jumatatu saa 3 asubuhi. Kwa kalamu, saa 48 zimepita. Kwa kweli mtu hajapata ofisi ya tawi la chama iliyo wazi wala mwenzake wa kumsindikiza. Hesabu siku za kazi, utalala usingizi.

Kikaoni mwenyekiti ni mtu wa ngazi ya juu ya kutosha ambaye hakuhusika na tukio. Upande wa mwajiri unaeleza tuhuma na kuleta mashahidi mbele ya mtuhumiwa, naye anawauliza maswali. Kumhoji shahidi faragha "asiogope" kisha kusoma kauli yake ni kasoro inayoangusha kesi nyingi. Kama hofu ni ya kweli, maswali yapitie kwa mwenyekiti, ila mtuhumiwa ayasikie majibu. Halafu zamu yake, na mashahidi wake. Katibu aandike maswali na majibu, si muhtasari wa "mtuhumiwa alijitetea bila mafanikio." Kila ukurasa usainiwe na wote. Akikataa kusaini, andika amekataa na shahidi asaini. Akikataa kuhudhuria bila sababu ya maana, kikao kinaweza kuendelea bila yeye, mradi una uthibitisho alipokea barua.

Akionekana ametenda kosa, usirukie adhabu. Muulize kwanza ana nini cha kusema kuhusu adhabu: miaka aliyofanya kazi, rekodi yake, mazingira ya siku ile. Angalia pia mliwafanya nini wengine kwa kosa kama hilo. Kama mwaka jana mtoto wa shangazi wa meneja alitoa bidhaa bila hati akapewa onyo, mtaulizwa kwa nini huyu kafukuzwa. Uamuzi wenye sababu fupi utolewe ndani ya siku 5 za kazi, na aelezwe haki ya kukata rufaa kwa ngazi ya juu zaidi ndani ya siku 5 za kazi. Barua ya kuachishwa isichapwe mapema. Kompyuta hutunza saa faili lilipotengenezwa, na barua iliyoandikwa saa 5 asubuhi kwa kikao kilichoisha saa 6 mchana haina wa kuitetea.

Barua isiyo na jina, na watu 40 mlangoni

Sanduku la maoni lina maana tu kama ufunguo wake hauko kwa yule anayelalamikiwa mara nyingi. Lifunguliwe na watu wawili, mara mbili kwa mwezi, kila karatasi iingizwe kwenye rejista. Lalamiko lisilo na jina halitoshi kumpa mtu adhabu, ila linatosha kukagua rekodi. Kama linasema msimamizi fulani anauza nafasi za vibarua, linganisha orodha ya walioitwa na siku walizofanya kazi. Msitafute mwandiko wa nani.

Kundi likija pamoja, usiulize kiongozi wao ni nani. Waombe wachague watu watatu, wape chumba, andikeni madai moja moja, na upange tarehe ya majibu kwa kila dai, hata kama jibu litakuwa "hapana, kwa sababu hizi." Kama kuna tawi la chama, TUICO au CHODAWU kwa mfano, liitwe mapema. Waajiri wengi huliona kama adui, kumbe katibu wa tawi mzoefu mara nyingi ndiye anayewaambia wanachama wake kwamba dai fulani halina msingi, na wao wanamsikia.

Baada ya majibu

Mlalamikaji aambiwe matokeo hata kama si yote. Hana haki ya kujua mwenzake amepewa adhabu gani, ila ana haki ya kujua lalamiko lake lilithibitika au la, na nini kitabadilika kwake.

Kisha fuatilia kisasi, ambacho hakiji kwa sura ya kisasi. Kinakuja kwa ratiba: zamu za usiku mfululizo, jina kutolewa kwenye ovataimu, likizo kuahirishwa, mkataba wa muda maalumu "kutohuishwa" ghafla ilhali umehuishwa mara nne. Kwa hilo la mwisho, kama mfanyakazi alikuwa na matarajio ya msingi kwamba mkataba utahuishwa, kutohuisha kunaweza kuhesabika kuwa kumwachisha kazi. Mtu wa HR apitie ratiba na slipu za mlalamikaji na za mashahidi wake baada ya mwezi mmoja na tena baada ya miezi mitatu, alinganishe na za kabla. Ni kazi ya dakika 15.

Likifika Tume

Mfanyakazi aliyeachishwa ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kuanzia kuachishwa au siku mwajiri alipotoa uamuzi wa mwisho. Migogoro mingine ni siku 60. Akichelewa anaweza kuomba aongezewe muda kwa sababu za msingi. Anajaza fomu namba 1 ya Tume na kukupa nakala. Aliye na chini ya miezi 6 kazini kwa mwajiri huyo hawezi kutumia masharti ya kuachishwa isivyo haki, ingawa bado anaweza kudai mshahara wake na kulalamikia ubaguzi.

Hatua ya kwanza ni usuluhishi, kwa muda wa siku 30, na yanayosemwa humo hayatumiki baadaye dhidi ya aliyeyasema. Mtume mtu mwenye mamlaka ya kukubali kiasi cha pesa. Ukimtuma karani wa kusema "nitamuuliza bosi," umepoteza nafasi ya bei nafuu kuliko zote. Ukishindikana linakwenda kwenye uamuzi, na hapo mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulikuwa wa haki ni wako. Usipofika bila sababu, uamuzi unaweza kutolewa bila wewe. Asiyeridhika ana wiki 6 za kuomba mapitio Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi.

Hata uliyemwachisha kwa wizi uliothibitika anadai siku alizofanya kazi, likizo aliyolimbikiza, cheti cha utumishi, na kama mliachana mbali na alikoajiriwa, nauli ya kumrudisha pamoja na posho ya kujikimu kwa siku anazosubiri nauli hiyo. Posho hiyo ndiyo wanayoisahau sana wenye mashamba na migodi, nayo inaongezeka kila siku mnapobishana. Mlipe nauli wiki hiyohiyo, asaini stakabadhi, mengine mtayajibu mbele ya msuluhishi mkiwa na faili: lalamiko la kwanza lililosainiwa, taarifa ya uchunguzi, barua ya tuhuma yenye saini ya kupokea, mwenendo wa kikao, uamuzi, na rufaa.